Maandishi Ndani ya Programu: Historia ya Kupachika Mafaili

Karibu kila programu ya kompyuta hubeba maandishi ambayo hayamo katika hesabu zake: ujumbe wa makosa, kurasa za msaada, leseni, orodha ya nchi, jedwali la saa za dunia. Maandishi hayo yanaweza kukaa katika faili la pembeni, programu ikalifungua kila inapoanza kazi. Yanaweza pia kuingizwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kukompaili, yaani pale msimbo ulioandikwa na binadamu unapogeuzwa kuwa maagizo ya mashine. Njia hii ya pili huitwa kupachika. Faili lililopachikwa halipotei, halihamishwi, wala halihaririwi na mtu asiyehusika, na programu nzima husafiri kama kitu kimoja. Pamoja na faida hizo, lugha ya C, ambayo msingi wa mifumo mingi ya kompyuta umejengwa juu yake, ilikaa miaka hamsini bila agizo rasmi la kufanya kazi hii. Katika muda wote huo wanaprogramu walijitafutia njia zao, nyingine za werevu na nyingine za kuchekesha.

Miaka ya 1950 na 1960 mpaka kati ya programu na data ulishikika kwa mkono. Mwanaprogramu alipeleka kwenye chumba cha mashine bunda la kadi za matundu. Kadi za mbele zilikuwa programu, za nyuma data, na katikati ilikaa kadi ya kutenganisha. Maandishi mafupi, kama kichwa cha ripoti, yaliandikwa kwenye kadi za programu. Lugha ya FORTRAN ya wakati huo ilimtaka mwandishi ahesabu herufi mwenyewe. Ili mashine ichapishe neno JAMBO aliandika 5HJAMBO, na herufi H ilikuwa ya Herman Hollerith, mbunifu wa mashine za kadi zilizotumika katika sensa ya Marekani ya 1890. Aliyekosea akaandika 6H alikuta kompaila imemeza alama iliyofuata, pengine mabano ya kufunga, na kosa lililotangazwa halikufanana kabisa na kosa lililofanywa. Kwa sentensi moja au mbili hilo lilivumilika. Kwa ukurasa mzima ilikuwa adhabu.

Lugha ya BASIC, iliyoanza kazi katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani tarehe 1 Mei 1964, iliufuta mpaka huo kabisa. Toleo la kwanza la John Kemeny na Thomas Kurtz halikuwa na amri ya INPUT, ile inayomwuliza mtumiaji swali na kungoja jibu. Amri hiyo ilikuja 1966. Data zote ziliandikwa ndani ya programu, kwenye mistari iliyoanza na neno DATA, na amri ya READ ilizichukua moja baada ya nyingine kwa mpangilio ule ule. Anayetaka kubadili data alibadili programu. Utaratibu huu uliendelea kuishi hata baada ya INPUT kuja. Miaka ya 1980, kompyuta za nyumbani kama Commodore 64 na ZX Spectrum zilipoenea, magazeti yalichapisha programu ambazo kurasa zake zilijaa mistari ya DATA yenye namba tupu: maagizo ya mashine, picha, sauti. Msomaji alikaa akizichapa moja moja, na namba moja ikikosewa mashine iliganda bila maelezo. Gazeti la COMPUTE! lilitoa mwaka 1983 programu ndogo iitwayo MLX, iliyokagua jumla ya kila mstari papo hapo na kuukataa wenye kosa. Wengi wa waliojifunza kompyuta kipindi hicho walikutana na data iliyopachikwa kabla hawajawahi kufungua faili kwa programu waliyoiandika wenyewe.

Hakuna mahali ambapo kupachika kulikuwa kazi ya mikono zaidi kuliko kwenye kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Kumbukumbu yake isiyobadilika ilikuwa na maneno 36,864 ya biti 16, na ilifumwa. Waya uliopita ndani ya pete ya sumaku ulisomeka 1. Uliopita nje ulisomeka 0. Wafumaji walikuwa wanawake wa kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts. Pamoja na maagizo ya safari walifuma jedwali la nyota 37 ambazo wanaanga walizilenga ili kujua chombo kimeelekea wapi. Kila nyota ilihitaji namba tatu, kila namba ikachukua maneno mawili, hivyo jedwali zima likala maneno 222. Katika msimbo ulioandikwa na maabara ya MIT jedwali hilo ni namba 111 zilizopangwa moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila namba kuna maelezo yanayotaja nyota na mhimili wake. Mtu aliyetaka kurekebisha tarakimu moja baada ya hapo alirudi kiwandani, ndiyo maana programu ilifungwa mapema kabla ya chombo kuruka.

Mfumo wa Unix ulizaliwa katika mazingira yaliyosukuma maandishi upande wa pili, nje ya programu. Kwenye mashine ya PDP-11 programu iliona kilobaiti 64 tu za kumbukumbu kwa wakati mmoja, na kila sentensi ya kumweleza mtumiaji kosa lake ilinyang'anya nafasi ya maagizo. Mhariri wa maandishi aliyeitwa ed alilitatua tatizo hilo kwa ukali: kosa lolote lilijibiwa kwa alama moja ya kuuliza. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy alitafuta njia ya kistaarabu zaidi. Mwaka 1977 aliandika mkstr, zana iliyopita katika msimbo wa C kabla ya kompaila, ikayakusanya maandishi yote ya makosa kwenye faili moja na kuacha mahali pake namba inayoonyesha kila ujumbe unaanzia wapi. Kosa likitokea, programu ililifungua faili, ikaruka hadi kwenye namba hiyo na kusoma. Makosa si ya kila dakika, kwa hiyo ucheleweshaji haukumwumiza mtu. Kompaila ya Pascal iliyotoka Berkeley ilijengwa hivyo, na baadaye Joy akaongeza xstr, iliyokusanya maandishi ya aina yoyote.

Kwa nini basi maandishi yalirudi ndani? Jibu moja linaonekana kwa karibu katika mchezo wa Adventure. Will Crowther aliuandika kwa FORTRAN kwenye kompyuta ya PDP-10 kati ya 1975 na 1976, akitumia pango la kweli la Kentucky ambalo aliwahi kulipima. Don Woods wa Stanford aliupanua mwaka 1977. Mchezo wote ni maneno: maelezo ya vyumba, majibu, mafumbo. Maneno hayo yalikaa katika faili la data, na programu ilikuwa msomaji wake tu. Jim Gillogly wa shirika la RAND aliuhamishia kwenye C mwaka huo huo, na faili la data likaja kujulikana kwa jina la ajabu la glorkz. Mchezaji mwenye haraka hakuhitaji kutanga na njia pangoni. Alifungua glorkz akasoma siri zote.

Toleo la Berkeley lililotolewa miaka ya 1990 lililiziba tundu hilo kwa programu ndogo iitwayo setup. Wakati wa kujenga mchezo, setup ililisoma faili la glorkz, ikaificha kila herufi kwa kuichanganya na ufunguo mfupi, kisha ikaandika faili jipya la C lenye safu moja ndefu ya namba. Faili hilo lilikompailiwa pamoja na mengine. Msimbo wa zamani ulikuwa umezoea kuruka huku na huku katika faili la diskini, na waandishi hawakutaka kuuandika upya, kwa hiyo safu ile ilifanywa diski ya kuigiza ndani ya kumbukumbu. Ufichaji wenyewe haukuwa mkali. Ulitosha kumzuia anayechungulia kwa amri ya strings, inayochambua maneno yanayosomeka ndani ya programu. Katika mistari michache ya setup vimekutana karibu vitu vyote vitakavyojirudia baadaye: zana ya pembeni, faili la muda la C, safu ya namba, na hatua ya ziada ambayo mjenzi wa programu asipoikumbuka atapata maandishi ya jana.

Kwenye kompyuta zenye madirisha na picha suala lilichukua sura nyingine. Macintosh ya 1984 iligawa kila faili pande mbili, na upande mmoja ulibeba rasilimali: menyu, ikoni, aina za herufi na maandishi. Mpango huo ulisanifiwa na Bruce Horn. Windows 1.0, mwishoni mwa 1985, ilikuja na kompaila yake ya rasilimali iliyosoma faili la maelezo na kuyabandika maandishi kwenye programu iliyokwisha kukompailiwa. Hapa maandishi yamo ndani na nje kwa wakati mmoja. Yanasafiri na programu, lakini yana rafu yake, na mtu anaweza kuyabadilisha bila kuugusa msimbo. Waliofaidika zaidi ni wafasiri. Lugha zilizosahaulika na watengenezaji wakubwa zilipata mlango kwa sababu tu maandishi yalikuwa yametengwa na hesabu. Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ya ofisi ya OpenOffice lililotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lisingewezekana kama kila neno la menyu lingekuwa limetawanyika katika mamilioni ya mistari ya msimbo.

Wanaprogramu wa Unix hawakuwa na rasilimali za namna hiyo, na mfumo wa madirisha wa X, uliofikia toleo la 11 mwaka 1987, ulijibu kwa wazo la kijanja: picha yenyewe iandikwe kwa lugha ya C. Faili la picha la XBM huanza na mistari miwili inayotaja upana na urefu, kisha hufuata safu ya namba, kila biti ikiwa nukta moja nyeusi au nyeupe. Faili hilo huingizwa kwenye programu kwa #include, agizo la C la kuvuta faili jingine la msimbo, na kompaila hailitofautishi na msimbo wa kawaida. XPM ilifuata mwaka 1989 kwa picha za rangi. Safu zake ni za herufi, na mtu mwenye macho mazuri huweza kuiona picha ndani ya msimbo. Kivinjari cha Mosaic kilipoanza kuonyesha picha katikati ya kurasa za wavuti mwaka 1993, XBM ilikuwa miongoni mwa aina kilizozielewa. Vipande vya lugha ya programu vikawa vinasafiri kwenye intaneti kama picha, jambo ambalo wabunifu wake hawakuwa wamelifikiria.

Kwa mafaili mengine yote palihitajika mgeuzaji, na karibu kila kampuni na kila mradi uliandika wake. Majina kama bin2c na bin2h yalibuniwa tena na tena na watu wasiojuana. Aliyeenea kuliko wote ni xxd, zana ya Juergen Weigert inayokuja pamoja na mhariri wa Vim, hivyo ikakutwa karibu kila mahali. Kazi yake ya kwanza ni kuonyesha baiti za faili kwa tarakimu za msingi wa 16, lakini ikipewa alama ya -i huandika msimbo wa C. Faili la salamu.txt lenye neno Jambo na mwisho wa mstari hutoka hivi:

unsigned char salamu_txt[] = {
  0x4a, 0x61, 0x6d, 0x62, 0x6f, 0x0a
};
unsigned int salamu_txt_len = 6;

Nukta ya jina la faili imegeuka kistari cha chini, kwa kuwa C haikubali nukta katika jina. Urefu umeandikwa peke yake, na haukuwekwa kwa mapambo. Maandishi ya kawaida ya C huishia na baiti ya sifuri inayoziambia kazi za kuchapisha mahali pa kusimama. Safu hii haina sifuri hiyo, na anayeichapisha kwa mazoea atachapisha pia chochote kilichokaa baada yake kwenye kumbukumbu. Kosa hilo ni la zamani na bado linafanyika.

Gharama ilikuwa mahali pengine. Kila baiti moja ya faili imekuwa alama sita katika msimbo, ukihesabu mkato na nafasi. Kompaila huzisoma alama hizo, huunda namba kamili, huikagua aina yake, huipa kituo katika mti wa programu pamoja na kumbukumbu ya mstari ilikotoka, na mwisho wa safari yote hiyo huishusha tena kuwa baiti moja. Kwa ukurasa wa maandishi hakuna anayetambua. Kwa faili la megabaiti kadhaa kompaila humeza mamia ya megabaiti za kumbukumbu na kusimama kwa muda mrefu; kwa makubwa zaidi huanguka.

Kuyaandika maandishi kati ya alama za nukuu kulipunguza mzigo, ila huko kulikuwa na dari. Kiwango cha C cha 1989 kiliahidi herufi 509 tu katika mfuatano mmoja, na kile cha 1999 kikapandisha hadi 4,095. Kompaila nyingi zilipita ahadi hiyo kwa mbali, lakini si zote, na si kwa kiasi kilekile: ya Microsoft ilikomea karibu kilobaiti 16 kwa kipande kimoja na 64 kwa vipande vilivyounganishwa. Programu iliyokompailika vizuri kwenye Linux ilikataliwa kwenye Windows kwa sababu ya urefu wa ukurasa wake wa msaada.

Waliochoka na hayo walishuka ngazi moja chini ya C. Asemblia, yaani zana zinazogeuza lugha iliyo karibu na mashine kuwa maagizo yake, zina agizo la incbin, linalochukua faili lilivyo na kulimwaga kwenye programu bila kulisoma. Waandishi wa NASM wanakiri kwamba waliliazima kutoka DevPac, asemblia ya kompyuta za Amiga. Zana za GNU nazo zina objcopy, inayoligeuza faili lolote kuwa kipande tayari cha kuunganishwa na kulibandika majina yanayoonyesha mwanzo na mwisho wake. Njia hizi ni za haraka mno. Data hukaa katika sehemu ya kusomwa tu, na mfumo wa uendeshaji huipandisha kwenye kumbukumbu kurasa chache chache kadiri zinavyoguswa. Tatizo ni kwamba kila mfumo una desturi zake za majina na asemblia yake, na mradi unaotaka kujengwa popote hulazimika kuandika njia tatu kwa jambo moja.

Kiini cha Linux kinatumia incbin mahali pamoja pa kuvutia. Mjenzi anaweza kuchagua kupachika ndani ya kiini orodha ya chaguo alizokijenga nazo, ikiwa imebanwa. Pande mbili za data hiyo zimewekwa alama IKCFG_ST na IKCFG_ED. Kiini kikiwa kazini orodha husomeka kama faili la /proc/config.gz; kikiwa kimelala diskini, hati ndogo huitafuta alama ya mwanzo na kuitoa data inayoifuata. Mtu aliyerithi kompyuta ambayo fundi wake hayupo tena anaweza kujua kiini chake kilijengwaje kwa kukiuliza chenyewe.

Kiini hicho hicho kilileta mgogoro wa sheria. Vifaa vingi vya mtandao na diski vina kichakataji chake kidogo kinachohitaji programu dhibiti, na kwa miaka mingi watengenezaji waliziingiza programu hizo katika viendeshi vya Linux zikiwa safu za namba za C. Leseni ya GPL, ambayo Linux hutolewa chini yake, inadai msimbo katika umbo linalofaa kuhaririwa. Safu ya maelfu ya namba ni faili la C kwa macho ya kompaila, lakini hakuna binadamu aliyeiandika wala anayeweza kuirekebisha. Je, huo ni msimbo chanzo? Wanachama wa Debian, mradi unaosambaza Linux, walibishana sana, na mwaka 2006 wakapiga kura kutoa toleo lao lililokuwa likingojwa bila kuziondoa kwanza. Mwaka 2008 David Woodhouse alianza kazi ya kuzihamisha safu hizo kutoka viendeshini, na hatimaye programu dhibiti zikakaa katika mkusanyiko wake, zikisomwa na kiini zinapohitajika. Ni miongoni mwa mara chache ambapo data ilitolewa nje kwa sababu za uhalali. Kumbukumbu haikuwa imepungua.

Lugha zilizozaliwa baada ya C zilikuwa na nafasi ya kuanza upya. D ya Walter Bright iliruhusu programu kuomba maudhui ya faili kwa neno import na jina la faili, na maandishi yakaja kama mfuatano wa kawaida. Wabunifu wake waliona hatari ambayo wengine walichelewa kuiona: kompaila inayosoma faili lolote inaloelekezwa na msimbo inaweza kuelekezwa kwenye mafaili ya siri ya mashine, kisha programu iliyokompailiwa ikayabeba hadi nje. Kwa hiyo D hukataa kabisa kusoma mpaka mjenzi ataje folda inayoruhusiwa kwa alama ya -J. Nim ina staticRead, na Zig ina @embedFile. Rust, iliyofikia toleo la 1.0 Mei 2015, ilitenganisha mahitaji mawili: include_bytes! huchukua baiti zilivyo, na include_str! hukagua kwanza kwamba faili ni maandishi halali ya UTF-8, kwa hiyo herufi mbovu hugunduliwa kwa mjenzi kabla hazijafika kwa mtumiaji. Ukaguzi huo ni jambo dogo ambalo xxd haingeweza kulifanya, kwani kwake baiti zote ni sawa.

Go ilichukua njia ndefu zaidi, ingawa ndiyo iliyokuwa na haja kubwa. Tangu mwanzo sifa yake ilikuwa kutoa programu ya faili moja, inayonakiliwa kwenye seva na kuanza kazi bila kusakinisha kitu kingine. Programu ya kuhudumia tovuti ilivunja sifa hiyo mara tu ilipohitaji kurasa za HTML pembeni yake. Zana nyingi zilijitokeza, na iliyotumika sana iliitwa go-bindata. Februari 2018 mwenye zana hiyo alifuta akaunti yake ya GitHub, na miradi iliyoitegemea ikashindwa kujengwa. Mtu mwingine akajisajili kwa jina lilelile lililoachwa na kuurudisha msimbo ili mambo yaendelee. Alikuwa na nia njema, lakini tukio lilionyesha wazi kwamba yeyote angeweza kulichukua jina hilo na kuweka apendacho katika zana inayoandika msimbo ndani ya programu za watu.

Russ Cox na Brad Fitzpatrick walichapisha rasimu ya suluhisho mwaka 2020, na Go 1.16 ya Februari 2021 ikaja nalo. Mwanaprogramu huandika mstari wa maelezo unaoanza na //go:embed na jina la faili, juu ya tangazo la kigezo. Kigezo kinaweza kuwa mfuatano wa herufi, safu ya baiti, au mti mzima wa mafaili unaotembelewa kana kwamba uko diskini, yaani wazo lile lile la diski ya kuigiza la Adventure, safari hii likiwa na jina rasmi la embed.FS. Njia za kutoka nje ya mradi kwa nukta mbili zimepigwa marufuku. Folda ikitajwa, mafaili yanayoanza na nukta au kistari cha chini huachwa. Bila kanuni hiyo nywila zilizosahaulika katika faili la .env zingechapishwa kwa dunia nzima na watu wengi wasiojua.

Kupachika kuna gharama ambayo haionekani siku ya kujenga. Toleo la Go lililotangulia, 1.15 la Agosti 2020, liliruhusu programu kubeba ndani yake hifadhidata ya kanda za saa duniani, kwa nyongeza ya takriban kilobaiti 800. Hifadhidata hiyo ina jedwali la Nairobi, ambalo majina ya Dar es Salaam na Kampala yanaelekeza kwake, na jedwali la Juba linalojitegemea. Januari 2021 Sudan Kusini ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari ingeacha saa za Afrika Mashariki na kurudi nyuma kwa saa moja. Watunzaji wa hifadhidata walitoa toleo la 2021a tarehe 24 Januari. Programu iliyosoma jedwali kutoka kwenye mfumo wa uendeshaji ilihitaji faili hilo tu lisasishwe. Iliyolipachika ilihitaji kukompailiwa upya na kusambazwa kwa kila mtumiaji ndani ya wiki moja, na isiposambazwa iliendelea kutaja saa ya Juba vibaya bila kuonyesha dalili yoyote ya kosa. Maandishi yanayobadilika pamoja na programu, kama ukurasa wa msaada, hayana shida hiyo. Yenye kalenda yake, kama kanda za saa, viwango vya kodi au vyeti vya usalama, yanayo.

C yenyewe ilibaki nyuma. Jitihada iliyofanikiwa ilianzia kwenye C++, pale JeanHeyd Meneide alipowasilisha mwaka 2018 pendekezo la std::embed. Upinzani ulikuwa wa aina mbili. Wapo waliosema kazi hiyo ni ya zana za nje na imekwisha kutatuliwa, nao walikuwa na xxd na objcopy za kuonyesha. Wapo walioogopa kwamba kompaila ingefungua mafaili katikati ya hesabu zake, mahali ambapo mifumo ya ujenzi haiwezi kujua mapema ni mafaili gani yatahitajika ili ijenge upya yanapobadilika. Hoja ya kwanza ilikuwa dhaifu: suluhisho lenye matoleo mia yasiyoelewana ni ushahidi kwamba tatizo bado lipo. Ya pili ilikuwa na uzito, na ndiyo iliyobadili umbo la pendekezo. Toleo jipya lilikuwa agizo la #embed, linalofanya kazi katika hatua ile ile ya awali ambako #include hufanyia kazi, hivyo orodha ya mafaili inaweza kukusanywa bila kuelewa programu.

Kamati ya C ililikubali Julai 2022, na kiwango kinachoitwa C23 kikachapishwa Oktoba 2024. Kwa maneno ya kiwango, #embed huacha mahali pake orodha ya namba zilizotenganishwa kwa mkato, sawasawa na zile za xxd. Hiyo ni kanuni ya matokeo. Kompaila haikulazimishwa kuzitengeneza namba hizo kweli. Ikitambua kwamba zinaingia kwenye safu ya baiti, hunakili faili moja kwa moja, na muda uliokuwa wa dakika ukawa wa kufumba na kufumbua. Vigezo vyake vinne vimetokana na uzoefu wa miaka: limit huweka ukomo wa baiti, jambo la lazima kwa anayesoma faili lisilo na mwisho kama /dev/urandom; prefix na suffix huongeza vitu mbele na nyuma, na sifuri ya kufunga maandishi huwekwa kwa suffix; if_empty husema nini kiandikwe faili likiwa tupu, kwa sababu safu tupu hairuhusiwi katika C. Kuna pia __has_embed, ya kuuliza kama faili lipo kabla ya kulidai.

Kompaila ya Clang 19 ililitekeleza mwaka 2024 na ya GCC 15 mwaka 2025. Kamati ya C++, ambako safari ilianzia, ililipitisha kwa ajili ya C++26 mapema 2025, miaka saba baada ya rasimu ya kwanza. Folda nzima, ambayo Go huipachika kwa mstari mmoja, bado haipachikiki kwa #embed, na ukaguzi wa UTF-8 kama wa Rust haumo. Anayehitaji mojawapo katika C huandika zana yake.